Kibakuli cha Nne

Daktari wa mifupa ameniambia nistaafu. Nina miaka ishirini na tisa. Alisema kifundo cha mkono wangu wa kulia kimezeeka kabla yangu, na kwamba nyundo sasa basi. Nikamuuliza kama ana uhakika, nikamuuliza tena kwa maneno mengine, kisha nikarudi nyumbani nikakaa kitandani kufikiria maswali niliyosahau kumuuliza. Ndivyo nilivyo. Ninyi vijana mnaoanza kazi katika karakana ya Papa Kalenga hapa Jacobs, Durban, mtasikia mengi juu ya tabia yangu hiyo, hasa kutoka kwa Désiré, na mengi yake ni kweli. Basi afadhali mnisome mwenyewe kabla hajawamaliza kwa hadithi.

Kazi yenu mmeshaiona: vyombo vya mezani vya fedha, vya Kiingereza, vya zamani. Mabuli, vinara, vijiko, visu, vibakuli. Vilikuja Durban ndani ya masanduku ya watu waliotaka kula huku kama walivyokula kwao, vikakaa kabatini vizazi na vizazi, mpaka mjukuu anafungua kabati na kukuta buli limetoboka. Si kazi ambayo mtoto wa Bukavu anaiota. Mimi nilisoma kemia chuo kikuu, nikipanga chumba Glenwood, nikiamini kuna maabara mahali fulani inayoningoja. Hapakuwa na maabara inayoningoja. Karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa za muda mfupi kuliko mkataba wowote wa kazi. Mama yangu anasuka nywele mjini, na siku moja mteja wake alilalamika kwamba mumewe anatafuta mtu anayejua kuchanganya tindikali bila kuwachoma wenzake pua. Mume huyo alikuwa Papa Kalenga.

Papa alianzia kwenye shaba, Lubumbashi. Mmeziona zile picha za shaba zilizofuliwa, twiga na wanawake wenye mitungi? Alizifua akiwa kijana, bamba limelazwa juu ya lami ya moto, nyundo ndogo kama kijiko. Alipofika Durban shaba yake haikupata mnunuzi. Lakini mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na karakana hii alimpa buli la fedha lililobonyea, kumjaribu tu, na Papa akalinyoosha kwa mbinu ile ile ya lami hadi mzee akashindwa kukumbuka lilibonyea wapi. Mzee alipoacha kazi, meza, fuawe na nyundo zilibaki kwa Papa.

Sasa visu. Nawaomba, visu msivitie maji ya moto. Mpini wa kisu cha fedha cha zamani si fedha tupu. Ni maganda mawili membamba yaliyounganishwa, na ndani yake kuna utomvu uliochanganywa na vumbi la tofali. Utomvu ndio unaoshika ubapa wa kisu. Désiré, mng'arishaji wetu kutoka Bujumbura, katika wiki yake ya kwanza aliona visu vina mafuta, akavitia kwenye sufuria inayochemka na kwenda kununua mkate. Aliporudi, bapa zilikuwa zimechomoka zenyewe, moja moja, kama mifupa ya kuku aliyepikwa kupita kiasi. Papa hakupiga kelele. Alileta utomvu, akaleta tofali, akamwambia asage. Désiré alisaga hadi Jumamosi. Leo anaieleza hadithi hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyegundua njia ya haraka ya kufungua visu.

Kusugua pia kuna mpaka wake. Hewa ya Jacobs, moshi wa viwanda ukichanganyika na unyevu wa bahari, inaifanya fedha iwe nyeusi haraka, na kijana anayeona weusi anataka kuumaliza wote. Kila ukisugua unaondoa fedha kidogo. Maua yaliyochongwa yanakuwa kama uso wa mtu asiye na nyusi. Weusi ulioko ndani ya mifereji uacheni, ndio unaofanya maua yaonekane. Mimi nilikaa siku nzima nikijiuliza mfereji unaishia wapi na uso unaanzia wapi. Désiré akapita nyuma yangu.

"Dokta, fikiri upesi," akasema. "Unafikiri mpaka fedha inakuwa nyeusi ikikungoja."

Aliniita Dokta tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya digrii. Hajaacha.

Kuna desturi moja ya Papa ambayo hamtaikuta katika karakana nyingine, nami naomba msiiache. Kabla ya kumkabidhi mteja chombo chake, tunakipulizia mbele ya macho yake. Fedha ikiwa baridi, pumzi inatua juu yake kama ukungu, na mstari wa lehemu unajitokeza ndani ya ukungu huo, kwa kuwa lehemu na fedha hazipati ukungu kwa namna moja. Kwa muda mfupi kiraka chote kinaonekana. Kisha ukungu unakauka na kiraka kinapotea. Mimi nilidhani ni wazimu. Tunatoa jasho kuuficha mstari, halafu tunamwita mwenyewe auone? Nilimuuliza Papa mara nyingi, kwa njia nyingi, hadi akachoka.

"Kwa meza yake, ionekane nzuri," akasema. "Lakini yeye ajue."

Basi. Akarudi kwenye kinara chake.

Chapa nazo mtajifunza kuzisoma kwa kioo cha kukuzia. Simba anayetembea anasema fedha ni safi kwa kiwango cha sheria. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham. Herufi moja inasema mwaka. Na chapa nyingine, yenye herufi za jina, inasema ni nani anayekijibia chombo hiki. Hiyo ya mwisho ndiyo Papa aliyoipenda. Alikuwa na kitabu kikubwa chenye picha za chapa za mafundi wa London, nacho alikisoma kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Humo alikuta kwamba wengi wa mafundi bora wa zamani hawakuwa Waingereza. Walikuwa wakimbizi kutoka Ufaransa, waliofukuzwa kwa ajili ya dini yao, wakafika London na nyundo na lugha ambayo jirani haielewi. Mafundi wenyeji walilalamika kwamba wageni hawa wanachukua kazi zao na kuharibu bei. Papa aliniita nisome ukurasa huo kwa sauti. Kisha akanitaka niusome tena, kwa Désiré.

"Wakimbizi, wanasema Kifaransa, wenyeji wamekasirika," Papa akasema. "Njo sisi hii, sisi wenyewe. Iko tofauti gani?"

"Wao walipata karatasi," akasema Désiré.

Tulicheka, lakini tangu siku hiyo Papa alipokunja mikono ya shati mbele ya sahani ya mfua fedha wa London, alikunja kama mtu aliye kwa ndugu yake. Nami nilijifunza kwamba walikuwako wanawake pia, wengi wao wajane walioachiwa karakana, na chapa zao ziliwekwa ndani ya mraba uliosimama kwa kona. Nilimweleza Mama habari hiyo kwa furaha. Alichosikia ni neno wajane tu, akanikataza nisiiguse chapa ya namna hiyo kabla sijaolewa.

Sasa nifike kwenye vibakuli vya chumvi, maana ndivyo vilivyonifanya niandike.

Wakati huo sehemu kubwa ya kazi yetu ililetwa na mtu mmoja, muuzaji wa vitu vya kale kutoka Glenwood. Désiré alimwita Bwana Kizibao, kwa sababu hata jua likichoma hakuvua kizibao chake. Alikuwa mpole, alijua fedha, na alipoleta sanduku tulikuwa na kazi ya mwezi. Asipoleta, tulikuwa tunang'arisha vikombe vya michezo vya shule. Kila mmoja wetu alijua kwamba mlango wa karakana unafunguka kwa sababu yake.

Alikuja wakati Papa yuko nyumbani. Jicho lake la kulia lilikuwa limetolewa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza moto, vumbi na kuinama. Bwana Kizibao aliweka vibakuli vitatu vya chumvi mezani, vya duara, kila kimoja juu ya miguu mitatu yenye kwato, ndani vimepakwa dhahabu ili chumvi isile fedha. Vya London, vya zamani sana, na kazi nzuri. Viliundwa vinne, cha nne kimepotea. Alitaka nifue cha nne.

Hilo lilinifurahisha. Kisha akaweka pembeni kijiko cha zamani kilichovunjika. Mpini wake ulikuwa na chapa zote nne. Akaniambia, taratibu, kama mtu anayeomba sukari zaidi, kwamba nikate kipande kile chenye chapa na kukipachika chini ya kibakuli kipya. Seti ya vinne vya zamani si sawa na vitatu na kimoja kipya, akasema, mimi naelewa. Akaongeza kwamba hata mafundi wa London wenyewe walifanya hivyo kukwepa ushuru. Hilo lilikuwa kweli, na lilinikasirisha kwa sababu lilikuwa kweli. Alipofika mlangoni alisema kuna fundi Johannesburg ambaye angefurahi kupata kazi zake zote.

Sikulala vizuri. Nilijiambia kwamba ni kibakuli cha chumvi tu. Nikajiambia kwamba mtu atakinunua akiamini uongo uliotoka mkononi mwangu. Nikajiambia kwamba Désiré ana watoto. Nikajiambia kwamba kiraka kile kingeonekana kwa pumzi, na kwamba pengine ndiyo sababu Papa alianzisha desturi yake, au pengine si hivyo. Asubuhi nilipanda taxi hadi nyumbani kwa Papa, nikamkuta sebuleni, jicho limefunikwa, redio inasema peke yake. Nilimweleza yote na kumwomba aamue.

"Bon," akasema. "Kibakuli unaweza kufua?"

Nikasema nadhani ninaweza.

"Usidhani. Unaweza?"

"Ninaweza, Papa."

"Basi fua. Na ile chapa, amua weye. Mie niko naangalia ukuta na jicho moja. Mtu akiuliza kibakuli, ataniuliza mie? Mkono iko wako."

Nilitamani anikataze. Hakunikataza, wala hakuniambia nikubali. Alipandisha sauti ya redio.

Nilianza na vipimo. Nilivipima vile vitatu kwa kila upande, upana, kina, unene wa mdomo, urefu wa mguu. Havikuwa sawa. Basi nikafanya kile ambacho mtu wa kemia anafanya: nikatafuta wastani. Nilikata duara la fedha, nikalipasha moto hadi likawa na rangi ya waridi, nikalipoza, nikalifua kwa duru kuanzia katikati kwenda ukingoni, nikalipasha tena kila lilipogoma. Nikasubu miguu kwa nta na mchanga. Kila kipimo kililingana na hesabu yangu. Nilikipanga mezani pamoja na wenzake na nikaona haya. Vile vitatu vilikuwa ndugu. Changu kilikuwa kama mgeni aliyevaa suti kwenye kilio.

Désiré alikizunguka mara mbili.

"Ametoka wapi huyu?" akauliza. "Hospitali?"

Papa alipopigiwa simu alicheka hadi mkewe akamnyang'anya simu kwa ajili ya jicho. Kisha akanieleza, na hili lishikeni. Yule fundi wa London hakufua wastani. Alikuwa na bamba moja mbele yake, na asubuhi moja, na mkono uliochoka upande mmoja kuliko mwingine. Ukitaka kufua ndugu wa chombo, chagua chombo kimoja tu, kiweke mbele yako, na ukifuate mpaka makosa yake.

Nilichagua cha pili, kile ambacho mguu wake mmoja unaegemea nje kidogo, kana kwamba kinataka kuondoka mezani. Nilikikalia siku nyingi. Sikupima tena. Nilishika kile kwa mkono wa kushoto na changu kwa wa kulia, nikifumba macho, nikisikiliza uzito. Niligonga kila kimoja kwa ukucha na kusikiliza sauti. Nilipomaliza, niliviweka vinne juu ya kitambaa na kumwita Désiré. Akatazama kwa muda mrefu, akanyoosha mkono, akachukua kimoja, akasema hiki ndicho chako. Alikuwa ameshika cha kwanza, cha London. Vijana, sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya kuvaa joho.

Ndipo nilipochukua kipande cha chuma kigumu, nikakitia tupa. Nilichonga F na M, Furaha Mapendo, ndani ya mraba uliosimama kwa kona. Mama atanisamehe. Nilikilaza kibakuli kichwa chini juu ya kigingi, nikaiweka chapa, nikainua nyundo, nikaishusha bila kugonga. Désiré akaniambia nikichelewa zaidi chuma kitaota kutu. Nikagonga mara moja, kwa nguvu zote, ili chapa iingie ndani sana. Hilo nalo nililifikiria. Chapa ya juu juu mtu anaisaga kwa tupa usiijue. Iliyozama, akiisaga, chini pa kibakuli panakuwa pembamba kama karatasi, na kidole gumba chochote kitapasikia.

Bwana Kizibao alipokuja, nilivipulizia vyote vinne mbele yake, kama desturi. Hapakuwa na mstari wowote, maana hapakuwa na kiraka. Aligeuza cha nne na kuitazama chapa yangu kwa kioo chake. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye sehemu tatu, na yote yalinitoka.

"Hiki nimekifua mimi," nikasema. "Vile vitatu sikuvifua."

Alivifunga, akachukua kijiko chake, akalipa, akaondoka bila kuaga. Na kazi zake zikaenda Johannesburg, kama alivyosema.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Vikombe vya shule viliisha. Désiré alianza kushinda kwenye duka la simu la binamu yake, akija kwetu Alhamisi tu. Papa alirudi na jicho zima, akakuta meza safi. Hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaandaa majibu. Mwenye jengo alikuja kutazama ukubwa wa chumba, akiwa na mtu anayetaka kukigeuza ghala la matairi.

Ni Désiré aliyeviona vibakuli kwenye simu, katika picha za nyumba moja ya mnada mjini. Maelezo yalisema vinne, vitatu vya London vya kale, kimoja cha kisasa chenye chapa FM. Bwana Kizibao hakuweza kusema vingine. Siku ya watu kutazama mali kabla ya mnada tulikwenda, mimi nikiwa na gauni la kanisani, Désiré akiwa na viatu vya kuazima. Tulisimama karibu na meza. Watu walipita, wengi hawakuvigusa. Kisha akaja mama mmoja mwenye mvi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, akavigeuza kimoja kimoja. Alipofika kwenye changu alikaa nacho. Alipitisha kidole gumba ndani, chini, kwenye mdomo. Akamuuliza kijana wa mnada FM ni nani. Kijana akainua mabega.

Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nilifikiria gauni langu. Nilifikiria kwamba labda hakipendi. Nilifikiria kama kujisema ni kujisifu, na kama Kiingereza changu kitaniponyoka, na kama nitaulizwa karatasi zangu mle ndani.

"Sema," Désiré akaninong'oneza, "ama niseme ni mie."

"Ni mimi," nikasema.

Mama yule hakunisifu. Alisema mguu mmoja wa kibakuli changu umeegemea. Nikamwambia atazame cha pili. Akakichukua, akavishika viwili pamoja machoni, akavizungusha, na uso wake ukalegea. Akaniuliza karakana yetu iko wapi. Nilimwelekeza hadi robot ya mwisho, zile taa za barabarani, na nikamwambia bwana wa karakana ni Papa Kalenga, aliyeanza kwa shaba Lubumbashi. Wiki iliyofuata alileta seti nzima ya chai ya familia yao, pamoja na kibakuli cha sukari na jagi la maziwa. Baada yake akaja dada yake. Baada yao wakaja watu waliosema wametafuta kwa muda mrefu fundi atakayewaambia alichokigusa na asichokigusa. Mtu wa matairi alipata chumba kwingine, Mobeni. Meza mnayokalia leo ni ile ile.

Bwana Kizibao naye alirudi, baada ya muda, na buli chini ya kwapa, kama mtu aliyekuwa safarini tu. Tukampokea. Tulipompulizia buli lake lililokamilika, aliinama kuutazama mstari kabla haujapotea.

Mimi naanza kazi mwezi ujao kwenye maabara ya kiwanda cha rangi. Imenichukua miaka kuipata, na sasa nikiwa nayo najiuliza kama ninaitaka. Jana nilikuja karakana kuaga. Papa alitoa chapa yangu kwenye droo na kuniuliza tuifanyie nini. Wazo la kwanza lilikuwa kuwaachia ninyi. Tukaitazama pamoja, tukaona hapana. Mtu asije akagonga jina langu juu ya kitu ambacho sikukifua, hata kama ni kizuri, hata kama ananipenda. Nilichukua tupa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umekatazwa, nikasaga F, nikasaga M, hadi uso wa chuma ukawa laini. Papa alisimama kando akinishikia kipande kisicheze.

Chuma kile kimebaki kwenye droo. Ni kigumu, na urefu wake unatosha. Wa kwanza wenu atakayefua kitu chake mwenyewe, achonge herufi zake hapo.